Uzito wa Nunda na Uzito wa Wailord: Tarakimu katika Usawiri wa Viumbe wa Kubuni

Katika ngano ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja, paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo ya bwana wake, kisha anageukia watu, hadi anakuwa nunda. Mwana mdogo wa sultani anapotoka kwenda kumsaka, kila mnyama anayemuua humpelekea mama yake na kumuuliza kama ndiye. Anaanza na mbwa, anapanda daraja baada ya daraja, hata anafikia tembo. Mama hukana kila mara. Fanani hasemi kwamba nunda ana urefu wa dhiraa ngapi wala uzito wa frasila ngapi. Ukubwa wake unajengwa kwa kukanusha: ikiwa hata tembo siye, basi msikilizaji ajazie mwenyewe kinachobaki.

Watunzi wa michezo ya video walishika njia nyingine. Mfano ulio bayana ni Pokémon, mchezo ulioanza kuuzwa nchini Japani mwezi Februari 1996. Jina hilo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya majitu ya mfukoni, na mwanzilishi wake, Satoshi Tajiri, alipata kueleza kwamba wazo lilichipuka kutokana na mazoea yake ya utotoni ya kukusanya wadudu. Asili hii ina maana kubwa kwa suala linalojadiliwa hapa. Mchezaji hupewa daftari la kielektroniki, na kila kiumbe anayenaswa huandikwa humo kama mdudu aliyechomwa pini katika sanduku la mkusanyaji: jina, aina, maelezo mafupi, urefu kwa mita na uzito kwa kilo. Kufikia matoleo ya mwaka 2022, viumbe walioorodheshwa hivyo walikuwa wamepita 1,000. Kwa maneno mengine, utanzu uliokopwa si ngano bali ni orodha ya mwanasayansi, na orodha ya mwanasayansi haikubali mtu aseme tu kwamba "huyu siye". Sharti iandikwe tarakimu.

Tarakimu za uzito ndizo zinazozua mjadala, kwa kuwa nyingi haziwezekani. Hukumu ya haraka ni kwamba watunzi walikosea hesabu, na kwamba kazi yenye makosa ya namna hiyo haina uhalisia. Hukumu hiyo inastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa, maana anayehakiki fasihi kwa kigezo cha uhalisia hulazimika mapema au baadaye kuamua ni kitu gani hasa ambacho tarakimu katika kazi ya kubuni inakisema.

Istilahi kwanza. Katika mazungumzo ya kawaida uzito ni kile kinachosomwa kwenye mizani. Fizikia hutofautisha uzito, ambao ni nguvu ya mvutano wa dunia juu ya kitu, na tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo katika kitu hicho. Kilo ni kipimo cha tungamo. Kwa kuwa viumbe hawa hawatoki duniani (angalau wengi wao), tofauti hiyo haitaleta taabu, na neno uzito litatumika hapa kwa maana yake ya sokoni. Istilahi isiyoweza kuepukwa ni densiti, yaani kiasi cha uzito kilichomo katika kila kipande cha ujazo. Maji yana densiti ya kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, maji ya bahari hupita kiasi hicho kidogo, na hewa ya usawa wa bahari ina kilo 1.2 hivi. Kiungo kikubwa cha mnyama ni maji, na ndiyo sababu karibu kila mnyama aliye hai, awe panya au nyangumi, ana densiti inayokaribiana na ya maji.

Wailord ni kiumbe mwenye umbo la nyangumi aliyeingia katika matoleo ya mwaka 2002. Daftari linampa urefu wa mita 14.5 na uzito wa kilo 398. Urefu huo unashabihiana na wa nyangumi mwenye nundu, yule ambaye hupita katika maji ya Watamu kati ya Julai na Septemba, na ambaye uzito wake hufikia tani 30 hivi. Wailord basi ana urefu wa nyangumi na uzito wa fahali mmoja. Upana wake haukutajwa, lakini picha inamwonyesha mnene kama yai refu. Akikadiriwa kuwa na upana na kimo cha mita 5, ujazo wake unakuwa mita 190 za ujazo, na densiti yake kilo 2.1 tu kwa kila mita ya ujazo. Hiyo haijafikia mara mbili ya densiti ya hewa. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kuogelea. Angekaa juu ya mawimbi kama puto, na upepo wa kusi ungemburura hadi ufukoni kabla hajapata hata samaki mmoja. Lakini maelezo yaliyo kando ya tarakimu hizo, katika toleo la mwaka 2004, yanasema kwamba akivuta pumzi ya kutosha anaweza kuzamia hadi karibu futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi. Ili azame tu chini ya uso wa maji, ingehitajika nguvu ya kusukuma chini zaidi ya tani 190.

Onix naye ni nyoka wa mawe, mmoja wa viumbe wa mwaka 1996. Urefu wake ni mita 8.8 na uzito wake kilo 210. Jiwe la kawaida, kama matale, lina densiti ya kilo 2,650 hivi. Kwa uzito huo, Onix mzima hawezi kuwa na mawe yanayozidi mita 0.08 za ujazo, na mawe hayo yakinyooshwa kwa urefu wa mita 8.8, unene wake unatoka sentimita 11, kiasi cha muundi wa mtu mzima. Picha haionyeshi ukamba wa aina hiyo. Inaonyesha msururu wa majabali ambayo mtoto anaweza kupanda juu yake.

Kwa nini basi makosa yote yanaelekea upande mmoja, upande wa wepesi? Jibu liko katika kanuni ambayo Galileo aliifafanua mwaka 1638, na nunda mwenyewe anaweza kuieleza vizuri kuliko mfano wowote wa kigeni. Paka wa nyumbani ana uzito wa kilo 4 hivi na kimo cha sentimita 25 begani. Tuseme amekua mara 12, bila kubadilika umbo, hata kimo chake kikawa mita 3. Hakukua kwa kimo tu. Ameongezeka mara 12 kwa kimo, mara 12 kwa upana na mara 12 kwa urefu wa mwili, na uzito wake umeongezeka mara 12 mara 12 mara 12, yaani mara 1,728. Nunda huyo ana kilo 6,912. Tembo dume mkubwa wa Afrika ana tani 6 hivi. Mama katika ngano alikuwa na haki ya kukana hata alipoletewa tembo.

Kanuni hiyo haiishii hapo. Nguvu ya mfupa hutegemea eneo la mkato wake, na eneo huongezeka mara 144 tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa wa mguu wa nunda inabeba mzigo mara 12 ya ule ambao mfupa wa paka uliubeba. Ndiyo maana Galileo alisisitiza kwamba mnyama mkubwa sharti awe na mifupa minene kupita uwiano, na ndiyo maana tembo ana miguu ya nguzo. Mwaka 1926 mwanabiolojia J.B.S. Haldane aliitumia kanuni hiyohiyo kuyakosoa majitu ya kubuni yenye kimo cha futi 60 aliyoyakumbuka kutoka katika kitabu chenye picha cha utotoni mwake: yangevunjika mapaja kila yanapopiga hatua. Kwa kejeli ya mambo, wepesi wa viumbe wa Pokémon unawaepusha na ukosoaji wa Haldane. Wailord wa kilo 398 hawezi kuvunjika mfupa kwa uzito wake mwenyewe. Tatizo lake ni kupeperuka.

Jinsi watunzi walivyofikiri inaonekana katika jozi moja. Kabla ya kuwa Wailord, kiumbe huyo huwa Wailmer, mwenye urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 130. Tarakimu hizo zinavumilika. Katika kukua, urefu unaongezeka zaidi ya mara saba. Kwa kanuni ya Galileo uzito ungeongezeka mara 381 na kufikia tani 49 na ushei. Hata ukipunguza kwa kuwa Wailmer ni mviringo kama mpira na Wailord amerefuka, bado ni suala la tani kadhaa. Watunzi waliuongeza mara tatu tu. Jicho la mwanadamu hupima urefu. Ujazo haulioni vizuri, na akili isiyoshika kalamu hudhani kwamba kitu kilichorefuka mara saba kimekuwa kizito mara kadhaa basi.

Ikumbukwe kwamba hata wataalamu hutofautiana wanapompima kiumbe asiyeweza kuwekwa kwenye mizani. Mifupa ya dinosaria mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilipelekwa Berlin na kusimamishwa katika jumba la makumbusho mwaka 1937. Mnyama huyo, aliyeitwa Brachiosaurus brancai na ambaye leo wengi humwita Giraffatitan, amepewa uzito wa kila namna. Edwin Colbert, katika makadirio yake ya mwaka 1962, alitumia sanamu ndogo ya mnyama huyo: aliifukia katika mchanga ili apate ujazo wake, akaukuza ujazo huo kwa kipeo cha tatu cha kipimo cha sanamu, kisha akazidisha kwa densiti. Alipata tani 78. Mwaka 2009 Michael Taylor alipata tani 23. Tofauti ni zaidi ya mara tatu, na inatokana zaidi na swali la unene wa nyama iliyovishwa mifupa. Hata hivyo, hakuna kati yao aliyepata kilo 400. Ubishi wao una mipaka, kwa kuwa densiti ya mwili ulio hai haiwezi kuchezewa sana.

Mwanafunzi wa fasihi aweza kujibu kwamba huu wote ni ubishi wa bure, kwani kupita kiasi katika usawiri ni chuku, na chuku haisahihishwi kwa mizani. Jibu hilo lina kasoro. Chuku hukuza. Godzilla wa filamu ya mwaka 1954 alitangazwa kuwa na kimo cha mita 50 na uzito wa tani 20,000, ilhali mtu wa kawaida akikuzwa hadi kimo hicho angekuwa na tani 1,800 hivi. Hiyo ni chuku halali, hata ukimwachia mkia wake. Mkoba wa Liyongo wenye kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga ni chuku pia. Lakini Groudon, ambaye katika masimulizi ya mchezo ndiye aliyeipanua nchi kavu, ana kimo cha mita 3.5 na uzito wa kilo 950, ilhali kiboko dume hufikia kilo 1,500 bila ya kuumba bara lolote. Anayetaka kumtukuza kiumbe hampi uzito ulio chini ya wa kiboko. Hapa usemi unasifu na tarakimu inashusha. Hiyo si chuku.

Maelezo yanayoridhisha zaidi yamo katika kazi ambayo tarakimu inaifanya ndani ya mchezo. Tangu matoleo ya mwaka 2002, nguvu ya pigo la teke la chini hutegemea uzito wa anayepigwa. Aliye chini ya kilo 10 hupigwa kwa nguvu 20. Nguvu hupanda kwa ngazi hadi 100 kwa mwenye kilo 100 au zaidi, na aliyefikia kilo 200 hupigwa kwa nguvu 120. Hapo ngazi zinaisha. Kwa teke hilo Onix mwenye kilo 210 na Wailord mwenye kilo 398 ni sawa, na Wailord angebaki palepale hata angepewa tani zake zote. Mwaka 2010 liliongezwa pigo jingine linaloangalia uwiano: mshambuliaji aliye mzito mara tano au zaidi ya mpinzani wake hupata nguvu kamili ya 120. Kwa pigo hili uhalisia ungekuwa balaa. Kiumbe mmoja mwenye tani 190 angewazidi wengine wote kwa zaidi ya mara tano, na hesabu ya uwiano isingekuwa na la kuamua.

Kwa hiyo kilo za Pokémon ni vyeo. Zinasema nani yuko juu ya nani katika jamii ya viumbe wanaopaswa kukutana uwanjani, panya wa kilo 6 akikabiliana na nyoka wa mawe, na kila mmoja apate nafasi yake ya kushinda. Kwa kuwa majitu haya ni ya mfukoni, ngazi yote imebanwa ienee mfukoni. Mama wa ngano naye alikuwa akipanga vyeo: mbwa chini, tembo juu, nunda juu zaidi. Tofauti ni kwamba yeye hakuvivika vyeo hivyo joho la mizani.

Joho hilo lina mifuko yenye kipimo maalumu. Uzito huandikwa kwa tarakimu moja baada ya nukta, na hakuna kiumbe aliyewahi kufikishwa kilo 1,000. Chini kabisa ni kilo 0.1, juu kabisa ni 999.9. Gastly, kiumbe wa gesi mwenye urefu wa mita 1.3, amepewa hiyo 0.1, na ikiwa ni tufe kama anavyochorwa, densiti yake inakaribiana na ya haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Maelezo yake yanasema upepo mkali humchukua. Tarakimu na maneno yamekubaliana kwa mara moja. Lakini matoleo ya mwaka 2016 ndiyo yanayoonyesha kwamba watunzi walikuwa wameanza kujua wanachokifanya. Cosmog, mtoto wa nyota, ana urefu wa mita 0.2 na kilo 0.1. Anapobadilika kuwa Cosmoem, urefu unashuka hadi mita 0.1 na uzito unaruka hadi 999.9. Tufe la sentimita 10 lenye uzito huo lina densiti zaidi ya mara 80 ya osimiamu, metali nzito kuliko zote kwa ujazo uleule. Akibadilika tena, huwa ama Solgaleo wa kilo 230 au Lunala wa kilo 120. Kutoka sakafuni hadi darini, kisha kurudi katikati: mtunzi anacheza na ukingo wa sanduku lake kama malenga anavyocheza na kina. Hiyo sasa ni chuku kwelikweli, na msomaji anayeiita kosa la hesabu amepitwa na mzaha.

Kosa linalostahili kuitwa kosa ni la Wailord, na halitokani na fizikia peke yake. Linatokea pale sentensi na tarakimu zilizo katika ukurasa mmoja zinapokanushana bila mtunzi kuonekana kuwa na habari. Msomaji wa kazi ya kubuni hukubali masharti mengi ya ajabu, mradi yatimizwe na aliyeyaweka. Akiambiwa jiwe linatembea, atakubali. Akiambiwa jiwe hilo ni jiwe, kisha akapewa uzito usiotosha kujaza umbo lake, ataanza kuuliza ni lipi kati ya mawili aliloambiwa.

Wapo watunzi walioukwepa mtego huu. Michezo ya Monster Hunter, iliyoanza mwaka 2004, huweka kumbukumbu ya ukubwa wa kila jitu linalowindwa kwa kipimo cha urefu, na wawindaji hushindana kulipata kubwa zaidi. Uzito haumo katika kumbukumbu hiyo. Shadow of the Colossus ya mwaka 2005 haina tarakimu za kilo kabisa. Uzito wa majitu yake unasomwa katika hatua inayochelewa kutua, vumbi linaloinuka, mtikisiko wa picha na mpanda farasi anayeonekana kama sisimizi chini ya unyayo. Hizo ni mbinu za fanani, aliyepunguza kasi ya sauti na kuinua mkono polepole ili hadhira ihisi uzito wa zimwi.

Siku mtunzi wa Kiswahili atakapomwingiza nunda katika mchezo wa namna ya Pokémon, atakutana na kisanduku kinachodai kilo. Akiandika 6,912, frasila 430 na zaidi, atakuwa ameitii ngano na kanuni ya Galileo pia, lakini nunda wake atapiga kwa nguvu 120 kila kiumbe aliyewahi kuorodheshwa, kwa kuwa hata 999.9 mara tano hakufiki 5,000. Akiandika 900, nguvu hiyo kamili itawapata tu wenye kilo 180 au chini yake. Onix ataweza kumhimili, lakini tembo yeyote wa Tsavo atakuwa mzito kuliko nunda, na mama hatakuwa tena na sababu ya kukana. Njia ya tatu ni kukiacha kisanduku wazi, na kuwaandika katika safu ya maelezo, kwa mpangilio wao, wanyama wote ambao nunda siye.